Kutoka Mashamba ya Miwa hadi Pittsburgh: Historia ya Msukule wa Sinema

Nakiri mapema, ili msomaji asije akaniona mnafiki: mimi ni mpenzi wa filamu za wafu wanaotembea. Tena si zile za fedha nyingi, bali zile za kuungaunga, ambazo damu yake unaiona wazi kuwa si damu, na nyumba ni ile ile tangu mwanzo hadi mwisho. Wapo wenzangu idarani wanaoona aibu kwa niaba yangu. Mwalimu wa historia, wanasema, angetazama filamu za vita kuu au za maisha ya marais. Nimewajibu mara nyingi kwa mdomo. Leo nawajibu kwa maandishi, kwa sababu naamini filamu hizi ni nyaraka, na zimehifadhi jambo ambalo nyaraka nyingi za serikali zilikuwa na kila sababu ya kulificha.

Nianze na neno lenyewe. "Zombi" limetufikia kutoka Marekani, Marekani ililipata Haiti, na Haiti lilifika pamoja na Waafrika waliosafirishwa utumwani. Wanaisimu wengi hulirudisha kwenye lugha za Kongo na Angola, wakitaja maneno kama nzambi, lenye maana ya Mungu au roho, na nzumbi, yaani pepo wa mtu aliyekufa. Hizo ni lugha za Kibantu, jamaa wa Kiswahili. Sidai kwamba "zombi" na "mzimu" ni neno moja. Hiyo si fani yangu. Ninachodai ni kwamba mtu wa Mbeya, Mwanza au Lindi akisimuliwa habari za zombi wa Haiti hahitaji mkalimani. Atasema: huyo ni msukule.

Tuukumbuke mkasa wa msukule jinsi tunavyousimulia sisi. Mtu anaugua ghafla na kufa. Ndugu wanalia, wanazika, wanaondoa matanga. Kumbe walichozika ni gogo la mgomba. Mwenyewe amechukuliwa na mchawi, amekatwa ulimi asiseme, analishwa pumba, mchana amefichwa darini au nyuma ya mlango, usiku analima shamba la bwana wake. Kusini wengine humwita ndondocha. Hang'ati mtu, wala hamfukuzi mtu barabarani. Kitisho chake ni kwamba anafanya kazi, hana mshahara, hana jina, na watu wake wameshaacha kumtafuta.

Zombi wa Haiti ni huyo huyo. Koloni la Kifaransa la Saint-Domingue lilikuwa shamba la miwa na kahawa lililowameza watu kwa kasi ya kutisha, hata wenye mashamba wakawa wananunua watumwa wapya mwaka hadi mwaka kufidia waliokufa. Katika mateso hayo mtumwa alikuwa na tumaini moja ambalo bwana hakuweza kumnyang'anya: kwamba akifa, roho yake itarudi Ginen, nyumbani Afrika. Zombi ni yule aliyenyimwa hata hilo. Amekufa, na bado yuko shambani. Watu wa Haiti waliuvunja utumwa kwa mikono yao na kutangaza uhuru mwaka 1804, lakini hofu hiyo hawakuizika. Walikuwa na akili kutoizika, kama tutakavyoona.

Tarehe 28 Julai 1915 wanajeshi wa majini wa Marekani waliteremka Port-au-Prince. Walikaa hadi Agosti 1934, miaka kumi na tisa. Walifufua sheria ya zamani ya mwaka 1864 iliyowataka wanavijiji kufanya kazi ya barabara, na kwa sheria hiyo wakawakusanya wakulima kwa nguvu, wakati mwingine wakiwa wamefungwa kamba, kujenga barabara mbali na kwao. Katiba ya mwaka 1918 iliondoa katazo la tangu uhuru la wageni kumiliki ardhi. Wakulima waliasi. Kiongozi wao, Charlemagne Péralte, aliuawa usiani mwa Oktoba na Novemba 1919, na wanajeshi wakaifunga maiti yake kwenye mlango, wakaipiga picha, wakaisambaza ili watu waone kwamba amekwisha. Watu walipoitazama waliona msalaba, na Péralte akawa shahidi. Naomba msomaji aiweke picha hiyo akilini, maana nitarudi kwenye habari ya picha za maiti.

Ni katika miaka hiyo ya ukaliaji ndipo zombi alipopanda meli kwenda Marekani. Mwandishi mmoja msafiri, William Seabrook, alichapisha mwaka 1929 kitabu kuhusu Haiti kiitwacho The Magic Island. Ndani yake anasimulia alivyoambiwa juu ya wafu waliopelekwa kukata miwa kwa ajili ya HASCO, kampuni ya sukari ya Wamarekani na Wahaiti. Msimamizi wao anapokea ujira wao wote. Wanalishwa chakula kisicho na chumvi, kwa kuwa zombi akionja chumvi hukumbuka kwamba amekufa. Siku moja mke wa msimamizi anawahurumia, anawapeleka mjini kuona sherehe, anawanunulia vitafunio vitamu. Hakujua kwamba karanga zilizomo zilikuwa zimetiwa chumvi. Wafu wanazinduka, wanalia, wanaanza safari ya kurudi mlimani kwenye makaburi yao, na ndugu zao wanawatambua wakipita.

Mimi ni mwanahistoria, sina haja ya kuuliza kama jambo hilo lilitokea. Nauliza kwa nini watu wa Haiti walilisimulia mwaka ule, na kwa nini waliitaja kampuni kwa jina. Luise White, katika utafiti wake kuhusu uvumi wa wanyonya damu katika Afrika Mashariki ya kikoloni, alituonyesha njia hii. Wazee wetu wa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam waliposema kwamba wazimamoto na mumiani wanakamata watu usiku na kuwanyonya damu, walikuwa wanazungumza kuhusu dola na ajira za kikoloni kwa lugha ambayo ofisi ya mkuu wa wilaya haikuwa na faili la kuiweka. Nami nikisikia habari za msukule anayelima usiku nawakumbuka manamba waliopelekwa kwenye mkonge wa Tanga, watu walioitwa kwa namba kwenye kipande, ambao baadhi yao hawakurudi tena makwao. Sisemi kwamba msukule alizaliwa mkongeni. Nasema kwamba aliyesikia habari hiyo katika miaka ya manamba alikuwa na sababu ya kuiamini.

Hollywood iliichukua hadithi ya Haiti upesi. Mwaka 1932, Haiti ikiwa bado chini ya jeshi, ikatoka filamu ya White Zombie ya Victor Halperin, ambayo ndiyo huhesabiwa kuwa filamu ndefu ya kwanza ya zombi. Ilikuwa kazi ya bei rahisi: ilipigwa kwa siku zipatazo kumi na moja, kwa kuazima mandhari yaliyojengwa kwa ajili ya filamu nyingine. Bela Lugosi anacheza kama Legendre, mchawi mwenye kinu cha miwa kinachoendeshwa na wafu. Kuna tukio moja humo ambalo huwa nalirudisha nyuma na kulitazama tena. Wafu wanasukuma kinu, mbao zinalia, hakuna anayesema. Mmoja anajikwaa, anatumbukia kwenye visu vya kusagia. Wenzake hawasimami. Kinu hakisimami. Naye Legendre anamweleza mgeni wake, kwa fahari ya mfanyabiashara, kwamba vibarua wa namna hii hawalalamikii saa nyingi za kazi.

Hapo filamu imesema kweli kuliko ilivyokusudia. Baada ya dakika chache inasahau yote. Mtu tunayetakiwa kumhurumia ni bibi harusi wa Kizungu aliyegeuzwa zombi, na jina la filamu linatukumbusha kwamba ajabu kubwa ni zombi kuwa mweupe. Waliosaga miwa wamekuwa pazia la nyuma. Kwa zaidi ya miaka thelathini iliyofuata, zombi wa sinema aliishi hivyo, kibaraka wa mchawi fulani katika kisiwa fulani chenye ngoma.

Aliyembadilisha alikuwa kijana wa Pittsburgh aliyekuwa akijipatia riziki kwa kupiga matangazo ya biashara. George Romero alizaliwa New York mwaka 1940. Yeye na wenzake walichoka na matangazo, wakaamua kutengeneza filamu ya kutisha kwa kuwa ndiyo aina ambayo watu hutazama hata kama haina nyota. Watu kumi walichanga dola 600 kila mmoja, wakaanza na dola 6,000. Hadi mwisho gharama ilifika kama dola 114,000. Walipata nyumba ya shambani karibu na Evans City, Pennsylvania, iliyokuwa inangoja kubomolewa, kwa hiyo wangeweza kuiharibu watakavyo. Damu ilikuwa shira ya chokoleti, jambo linalowezekana pale tu unapopiga kwa rangi nyeusi na nyeupe. Nyama waliyotafuna wafu ilitoka buchani. Waigizaji wakuu wawili walikuwa pia watayarishaji na wapambaji, na binti wa mmoja wao akacheza kama binti yake. Muziki ulikuwa ule wa akiba, unaokodishwa kwa yeyote. Waliocheza wafu walikuwa majirani, marafiki na wateja wa matangazo.

Hapa ndipo penye jibu la sehemu ya kwanza kwa wenzangu wa idarani. Msukule ndiye kiumbe cha kutisha cha bei rahisi kuliko vyote. Joka linahitaji fundi. Jini linahitaji moshi na hila za kamera. Msukule anahitaji jirani yako, shati lililochanika, na maelekezo ya kutembea polepole. Ndiyo maana kila penye vijana na kamera ya kuazima, iwe Pittsburgh au Dar es Salaam, wafu hufufuka. Wakati filamu za video zilipoanza kushamiri kwetu mwanzoni mwa miaka ya 2000, Mussa Banzi alitupa Nsyuka, kisha Shumileta, na waliocheka ubovu wa mapambo walirudi jioni ya pili kutazama tena. Kwenye banda la video, juu ya benchi la mbao, unaogopa kwa sababu yule anayekuja anafanana na mtu wa mtaani kwako. Fedha nyingi humwondoa mtu huyo. Nimetazama World War Z ya mwaka 2013, filamu iliyokula zaidi ya dola milioni 150, na wafu wake wanapanda ukuta kama siafu. Nilistaajabu, sikuogopa hata kidogo. Siafu hana uso.

Night of the Living Dead ilionyeshwa mara ya kwanza Pittsburgh tarehe 1 Oktoba 1968. Neno zombi halitamkwi humo. Romero mwenyewe alikiri kuazima kutoka kwa Richard Matheson, aliyeandika riwaya ya I Am Legend mwaka 1954, na alidhani anatengeneza kitu kingine. Watazamaji ndio waliowaita zombi. Wafu hawa wapya hawana bwana. Hakuna mchawi, hakuna shamba, hakuna kinu. Wanafufuka wenyewe, wanakula watu, na anayekufa mikononi mwao anajiunga nao. Kwa hatua moja Romero aliondoa kazi kwenye hadithi, akaweka njaa. Huko Haiti na kwetu, mtu anaogopa asije akafanywa msukule. Baada ya mwaka 1968, mtu anaogopa msukule asije akamfikia. Mwathirika amekuwa kundi la kupigwa risasi. Mabadiliko hayo ni makubwa, na ningemlaumu Romero kwayo kama asingekuwa na mwisho wa filamu yake.

Watu saba wamejikuta ndani ya nyumba hiyo. Anayeongoza ni Ben, kijana mweusi, aliyechezwa na Duane Jones. Hati ya filamu haikusema kitu juu ya rangi ya Ben. Romero alieleza mara nyingi kwamba Jones alichaguliwa kwa kuwa alifanya vizuri kuliko wengine kwenye majaribio. Jones, msomi mwenye lugha safi, aliyabadilisha maneno ya Ben, ambaye awali aliandikwa kama dereva wa lori mwenye maneno ya mkato. Anagombana na Cooper, baba wa familia ya Kizungu, juu ya jambo moja tu: wajifungie chini kwenye ghala au wabaki juu. Cooper hatamki neno lolote la ubaguzi. Hana haja. Tunamtazama mtu asiyeweza kuvumilia kuamriwa na huyu aliye mbele yake, na kila mtazamaji wa mwaka 1968 alijua kwa nini. Nao ugomvi wao una kejeli ambayo wanafunzi wangu huigundua kwa mshtuko: Cooper alikuwa na haki. Ben ananusurika usiku ule kwa kujifungia mle mle ghalani.

Watumishi wa umma wanaonisoma watapenda sehemu za televisheni. Watu wamekusanyika mbele ya kioo wakingoja maelekezo ya serikali. Wanaambiwa wabaki majumbani, kisha wanaambiwa waende kwenye vituo vya uokoaji. Huko Washington, maofisa wanatembea haraka kuelekea garini huku waandishi wakiwafuata. Mmoja anasema chanzo ni mionzi kutoka chombo cha anga, mwenzake wa kijeshi anamkatiza kwamba hilo halijathibitishwa. Walioigiza walikuwa watu wa Romero mwenyewe, kwa gharama ya safari ya gari. Sijaona filamu ya mamilioni iliyoonyesha taarifa kwa umma kwa usahihi kuliko hiyo.

Asubuhi inafika. Genge la raia wenye bunduki, likiongozwa na sherifu na mbwa, linapita mashambani likisafisha. Wengi wa waliocheza genge hilo walikuwa wakazi wa eneo lile. Wanazungumza kwa uchangamfu, kama watu walio kwenye msako wa nguruwe. Ben anasikia, anapanda kutoka ghalani, anachungulia dirishani. Mmoja anamlenga, anampiga kwenye paji la uso. Hakuna aliyeuliza. Kisha picha zinasimama. Majina ya waigizaji yanapita juu ya picha mnato, zenye chembechembe kama za gazeti: wanaume wenye kulabu za nyama, mwili unaburutwa, mwili unawekwa kwenye kuni, moto.

Filamu ilipigwa mwaka 1967, mwaka wa machafuko ya Newark na Detroit. Romero alisimulia kwamba walikuwa njiani kwenda New York na filamu iliyokamilika kutafuta msambazaji waliposikia redioni kwamba Martin Luther King ameuawa. Ilikuwa tarehe 4 Aprili 1968. Hivyo hakuna aliyekusudia filamu ijibu kifo hicho. Lakini Mmarekani mweusi aliyeingia ukumbini Oktoba ile alizijua picha zile za mwisho. Picha za watu weupe wakiwa wamesimama kwa tabasamu kando ya maiti ya mtu mweusi ziliwahi kuuzwa kama postikadi. Mhaiti naye angezijua, kwa mlango wa Péralte. Uduni wa filamu, yaani chembechembe, weusi na weupe na kamera ya kushika mkononi, ndio uliozifanya zifanane na ushahidi. Kwa rangi safi na damu nzuri zingekuwa sinema tu.

Na hapo Romero, akijua au asijue, anamrudisha msukule wa zamani. Anayehukumiwa kuwa mfu ilhali yu hai, anayepoteza jina kwa sababu mwenye uwezo ameamua asilisikie, huyo ndiye msukule tunayemjua sisi tangu kale.

Nina sababu ya kuandika haya sasa. Katika siasa zetu neno hili limekuwa tusi jepesi. Wanachama wa chama kile ni misukule, vijana wanaoandamana ni misukule, wanaopigia kura upande fulani ni misukule. Nimelisikia kutoka kwa watawala na nimelisikia, kwa uchungu zaidi, kutoka kwa wanaharakati ambao ni marafiki zangu. Anayetukana hivyo ameazima macho ya sherifu. Anaona kundi lisilo na akili linalokuja. Bibi zetu walipotaja msukule hawakuwa wanamcheka. Walishusha sauti, kwa sababu huenda ni mtoto wa fulani. Na swali lao la kwanza lilikuwa: yuko shambani kwa nani?

Jambo moja la kisheria, kwa wale wanaopenda habari za hakimiliki. Filamu iliitwa kwanza Night of the Flesh Eaters, na tangazo la hakimiliki liliwekwa pamoja na jina hilo. Msambazaji alipobadilisha jina, alisahau kulirudisha tangazo. Kwa sheria ya Marekani ya wakati ule, kosa hilo lilitosha kuifanya mali ya umma. Filamu ikaingiza mamilioni ya dola ambayo kwa sehemu kubwa hayakuwafikia walioitengeneza. Lakini pia ikaonyeshwa kila mahali, ikanakiliwa kwenye kila aina ya kanda, ikafika hadi kwenye mabanda yetu. Mwaka 1999 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiweka katika orodha ya filamu za kuhifadhiwa kwa taifa. Romero alikufa mwaka 2017, dunia nzima ikiwa inakula matunda ya wazo ambalo halikumtajirisha.

Duane Jones alikufa mapema, mwaka 1988. Alicheza filamu nyingine chache, mojawapo ikiwa Ganja & Hess ya mwaka 1973, lakini sehemu kubwa ya maisha yake aliitumia darasani na jukwaani, akifundisha fasihi na tamthilia. Chuo cha Old Westbury cha New York kina ukumbi wenye jina lake.

Kwa kuwa filamu haina mwenyewe kisheria, naionyesha kila mwaka kwa wanafunzi wangu bila kuomba kibali cha mtu. Huwa wanacheka nusu saa ya kwanza, na mimi huwaacha wacheke. Anayeitaka aje na flashi ofisini, au aipakue, hakuna atakayemdai. Ina dakika 96. Asizime majina yanapoanza kupita.